Tupeane uzoefu: The Wall ya Pink Floyd, nani kaisikiliza yote mwanzo mwisho?

Wakuu habari za jioni. Leo tupeane uzoefu wa albamu moja tu, The Wall ya Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, ile ya santuri mbili ya 1979. Sio ule wimbo wa watoto wa shule, Another Brick in the Wall Part 2, huo kila mtu anaujua, naongelea mzigo mzima, nyimbo 26, hadithi ya jamaa anaitwa Pink anajijengea ukuta tofali kwa tofali mpaka anajifungia humo ndani.

Naanza mimi. Miaka ya tisini nilirekodiwa kwenye kibanda kimoja Kariakoo, yule bwana akanitilia albamu kwenye kanda ya dakika 60, santuri moja kila upande. Sasa pigeni hesabu, santuri moja ina kama dakika 40, upande mmoja wa kanda dakika 30, kwa hiyo ya kwanza ilikatika ukuta haujaisha kujengwa, na ya pili ikakatika kabla ya ile kesi ambayo hakimu anaamuru ukuta ubomolewe. Miaka yote hiyo nikawa na Pink ambaye ukuta wake haujaisha wala haujavunjwa, na niliipenda hivyohivyo. Siku nimeisikia nzima kwenye sidii ya rafiki yangu pale Magomeni, hakimu anatoa hukumu, dah, nilisimama kabisa.

MtotoWaTemeke: Mkuu afadhali wewe. Mimi niliwekewa kwenye fleshi imejipanga kwa alfabeti, niko kwenye daladala ya Mbagala nasikia helikopta, mwalimu anafoka, ukelele unapanda, ule unaotakiwa uingie moja kwa moja kwenye wimbo wa watoto, pap, unakatwa naletewa wimbo wa santuri ya pili. Nikaona hawa jamaa wamechanganyikiwa. Nilipokuja kuipanga upya kwa mpangilio wake ndo nikaelewa, aisee hii kitu haisikilizwi vipandevipande.

DadaSinza: Mimi yangu ni ya ndani kidogo. Baba alifariki nikiwa mchanga, namjua kwa picha tu. Kaka yangu alikuwa anaipiga hii albamu nyumbani, mi nikaona ni kelele za wazungu, mpaka nilipoyasikiliza maneno ya tofali la kwanza, yaani Another Brick in the Wall Part 1, baba kaondoka kaacha picha kwenye albamu ya familia. Roger Waters wa Pink Floyd, aliyeandika sehemu kubwa ya hizi nyimbo, baba yake aliuawa vitani Anzio, Italia, mwaka 1944, yeye ana miezi tu. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena na tena, kaka akaniachia redio akatoka nje bila kuniuliza kitu. Mpaka leo nikiweka naanzia hapo.

Kigamboni_77: Wanafunzi weusi Afrika Kusini waliufanya ule wimbo wa watoto kuwa wao kwenye migomo ya 1980, makaburu wakaupiga marufuku. Heshima kwao.

MzeeWaProgi: Vijana nawaheshimu ila mtafuteni The Lamb Lies Down on Broadway ya bendi ya Genesis, 1974, santuri mbili pia, na baada ya ziara yake mwimbaji wao Peter Gabriel akaondoka bendi. Kwangu ile ndo baba lao.

Mzee wangu shikamoo, Genesis tutaifungulia uzi wake. Kuna kitu nawaombeni wote mjaribu, wekeni The Wall ijirudie, ile sauti ndogo mwishoni inakatika katikati ya sentensi, na sentensi inamaliziwa mwanzo kabisa wa albamu. Haya, nani mwingine?