Wanawali wote kumi walilala. Kosa la wale watano ni lipi hasa?

MlinziKurasini ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mlinzi wa ghala moja huku Kurasini. Naingia lindo saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Habari ya kukesha kwangu ndiyo ugali wenyewe.

Jumapili mhubiri wetu alifundisha Mathayo 25, ule mfano wa wanawali kumi waliomngoja bwana arusi usiku: watano wenye busara walibeba mafuta ya akiba ya taa, watano wapumbavu hawakubeba, na wakiwa wameenda kununua mlango ukafungwa. Alikemea kwelikweli. Akasema Mkristo anayesinzia Bwana atamkuta mtupu, kama hawa walinzi wanaokoroma getini (kanisa zima likanigeukia, mke wangu akacheka hadi akafunika uso kwa kitenge). Akamalizia kwa kutangaza mkesha wa kila Ijumaa, na asiyekuja ajihesabu upande wa wapumbavu.

Nimerudi nyumbani nikaisoma mwenyewe. Mstari wa 5 unasema bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala. Wote! Wenye busara humohumo. Na sioni popote mtu akikaripiwa kwa kulala. Halafu mstari wa 13 unasema "Basi kesheni". Wakeshe nini, na walioingia arusini nao walikuwa usingizini?

La pili ndilo linanikera zaidi. Wenye busara wanaombwa mafuta wanakataa, tena wanawatuma wenzao kwa wauzaji usiku wa manane. Huku uswahilini jirani akikugongea saa nane usiku anaomba kiberiti, unaamka unampa, matusi unamtukania moyoni. Ule si uchoyo?

Naombeni msaada bila ugomvi. Ijumaa niko lindo, kwenye mkesha siendi hata nikitaka. Nijue nimeshahesabiwa upande gani.

Kapuku1:

Mkuu wewe unakesha siku sita kwa wiki na unalipwa. Mhubiri ndiye akuombe wewe mafuta 😂

KatekistaMstaafu:

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu mlinzi. Umesoma vizuri kuliko wengi, kwa sababu umeanza na maandiko kabla ya mahubiri.

Usingizi haukuwa kosa. Mtakatifu Agostino, aliyekuwa askofu Hipo, Algeria ya leo, aliuelewa usingizi ule kuwa ni kifo. Bwana anakawia, vizazi vinapita, wema na wabaya wote wanalala kaburini, kisha panapigwa kelele na wote wanaamka. Tofauti inaonekana hapo wanapotengeneza taa. Mafuta kwake ni upendo.

Sasa usiishie mstari wa 13. Rudi nyuma kidogo, Mathayo 24:48-49. Yule mtumwa mbaya anayesema "bwana wangu anakawia" analaumiwa kwa nini? Anawapiga wenzake, anakula na kunywa na walevi. Halafu nenda mbele, 25:35 na kuendelea: nalikuwa na njaa, nalikuwa mgeni, nalikuwa kifungoni. Ukiisoma sura yote kwa pamoja, kukesha ni namna ya kuishi na watu wakati mwenye nyumba hayupo. Na Marko 13:34 ni kama imeandikwa kwa ajili yako: mtu anasafiri, anamwachia kila mtumwa kazi yake, na bawabu ndiye anayeamriwa akeshe. Mpishi ana jiko, mchungaji ana mifugo, wewe una geti. Kisha Bwana anatugeuzia sote neno la bawabu. Mimi naelewa kwamba kila mmoja akeshe ndani ya kazi aliyopewa.

Kuhusu uchoyo, Yohane Krisostomo, mhubiri maarufu wa Kanisa la kale, alihubiri jambo ambalo mimi silisahau. Kwake mafuta ni sadaka na huruma, na wauzaji wa mafuta ni maskini. Duka lilikuwa wazi mchana kutwa, limekaa mlangoni pa kanisa limenyoosha mkono. Wale watano walilipita.

DadaMsabato:

Ndugu, sisi Waadventista mfano huu umetupitia mwilini. William Miller, mkulima na mhubiri wa Kibaptisti kule Marekani, alitangaza kwamba Bwana anarudi kati ya 1843 na 1844. Muda ukapita. Wafuasi wakasema basi huku ndiko kule kukawia kwa bwana arusi, na ujumbe mpya uliotaja 22 Oktoba 1844 wakauita kilio cha usiku wa manane. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Asubuhi ya tarehe 23 walilia. Tangu hapo tunafundishwa tusipange tarehe, ingawa kila nikiingia mtandaoni nakuta mtu anayo mpya mfukoni.

Na tusiende mbali. Shakahola, kaunti ya Kilifi, 2023, watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wamlaki Yesu, na makaburi yakatoa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Mtu akikutumia kukesha kama fimbo, muulize maswali kama ulivyouliza hapa.

MwombajiMoto:

Dada, Shakahola na mkesha wa Ijumaa ni vitu viwili tofauti, usivichanganye. Na katekista, unawapa watu mto wa kulalia. Gethsemane Yesu alimwuliza Petro, "hukuweza kukesha saa moja?" Pale alilala kwa macho haya haya ya nyama na akakaripiwa. Kesheni mwombe, basi. Ndugu mlinzi, kama Ijumaa huwezi, hapo lindoni una masaa kumi na mbili ya kuomba. Redio ya mpira izime.

MlinziKurasini:

Nawashukuru wote. MwombajiMoto, la Gethsemane nimelikubali. La redio tutaongea.

Katekista, umenifungua kwenye Marko. Msimamizi wetu hupita na pikipiki saa anayoijua yeye. Hakuulizi kama ulifumba macho. Anaangalia kufuli, anaomba tochi aiwashe mwenyewe, anafungua kitabu cha matukio aone umeandika nini na saa ngapi. Kuna mwenzetu alikuwa macho kabisa, anachati, tochi haina betri. Aliondoka asubuhi ileile. Nikiwaza hivyo, wale watano nawaelewa.

Ila Krisostomo kanisaidia nusu. Sawa, mchana walilipita duka. Lakini usiku ule wenzao wako mbele yao wanaomba. Ndicho kinachonisumbua.

KatekistaMstaafu:

Fikiria kazi yenyewe. Baadhi ya wanazuoni wanaona hazikuwa vibatari bali mienge, matambara yaliyofungwa kwenye mti na kuloweshwa mafuta. Moto wa namna hiyo unakunywa mafuta haraka. Wakigawana, yote kumi inazimika njiani na bwana arusi anaingia kwake gizani. Wasichana wale walikuwa na kazi moja tu usiku ule, na hawakuwa na haki ya kuiharibu kwa sababu ya huruma. Halafu kuna vitu havigawanyiki: huwezi kunikopesha miaka yako ya kusamehe watu.

MlinziKurasini:

Hapo nimekupata, mzee wangu. Lakini nakuambia ukweli, ningekuwa mimi ningewapa hata kifuniko kimoja.

Kapuku1:

Ndiyo maana uko nje ya geti mkuu 😂