Chumvi namwaga, barafu inarudi: njia ya gari nifanyeje?

Beleshi_Moja
Wakuu, njia ya gari ni ya zege, urefu kama mita 12, inashuka kuelekea barabarani. Theluji ikiondolewa mchana, asubuhi kuna utando wa barafu, hasa sehemu ya juu karibu na nyumba. Kwenye baridi ya nyuzi -12 chumvi ya mawe inakaa tu kama kokoto. Niongeze kipimo?

FundiZege
Kuongeza ni kupoteza chumvi, mkuu. Punje kavu haina kazi. Kinachoyeyusha barafu ni maji ya chumvi, na zege likipoa chini ya nyuzi -9 hivi, chumvi ya kawaida huyeyuka polepole mno. Pima baridi ya zege lenyewe, si ya hewa. Chini ya hapo tumia kloridi ya kalsiamu: hutoa joto inapoyeyuka, na hata kwenye -20 bado inafanya kazi. Kwa kipande cha mita 6, kikombe kikubwa cha chumvi, kama gramu 350, kinatosha. Punje ziachane, zisirundikane.

Ila zege likiwa halijamaliza mwaka, usilitie chumvi kabisa. Uso wake utabanduka magamba. Mwaga mchanga, hauyeyushi kitu, lakini tairi zitashika.

MajiHushuka
Mimi nimeishia pale uliposema "karibu na nyumba". Hayo ni maji yanayotoka mahali. Bomba la kushusha maji ya paa linamwagia wapi? Na theluji unairundika upande gani? Ukiiweka juu ya mteremko, jua la mchana linaiyeyusha, maji yanatambaa kwenye zege, usiku yanaganda. Irundike upande wa chini, au pembeni ambako maji hayarudi njiani. Bomba nalo liunganishie kipande kingine hadi livuke ukingo wa zege. Vishimo vinavyotuamisha maji vizibe msimu wa joto, maana kiraka hakishiki kwenye baridi.

Beleshi_Moja
Bomba linamwagia pale pale kwenye kona! Na kunyunyiza maji ya chumvi kabla theluji haijaanguka, kunasaidia?

FundiZege
Sana, na chumvi inayotumika ni kidogo. Gramu 300 kwa kila lita 1 ya maji, kama asilimia 23. Usizidishe, ukivuka hapo uwezo wake wa kuzuia kuganda unashuka badala ya kupanda. Chuja vizuri, la sivyo pua ya bomba la kunyunyizia itaziba. Nyunyiza kwa mistari, zege likiwa kavu, saa chache kabla. Kama mvua itatangulia theluji, acha, itaosha yote.

Theluji bado utaitoa kwa beleshi, ila haitakuwa imeng'ang'ania zege. Itoe kabla gari halijapita: alama za tairi ndizo huwa barafu ngumu kuliko zote.

MajiHushuka
Na maji ya moto usithubutu. Yanasambaa, yanapoa, unabaki na kioo.