Tupeane uzoefu: x ya kemia ilikutoaje jasho, na ulivukaje?

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Hamjambo wadau. Binti yangu wa kidato cha pili jana usiku alilia kwa sababu ya klorini. Isotopu mbili, yaani atomi za klorini zenye uzito tofauti, 35 na 37, wastani 35.5, tafuta asilimia ya kila moja. Kemia anaiweza, aljebra anaiweza, zikikutana kalamu inasimama. Alikuwa ameandika x na y, mlinganyo mmoja tu. Nikamuuliza, "Zote pamoja ni asilimia ngapi?" Mia. "Basi ya pili ni mia toa x." Akaandika 35x + 37(100 − x) = 3550, ikatoka 75. Ninyi mlivukaje?

Mluhya wa Kakamega
Pole kwa binti, mama. Mimi nilikuwa nasawazisha milinganyo ya kemia kwa kubahatisha, nafuta mpaka karatasi inatoboka. Hii ndiyo iliyonitesa: KMnO₄ + HCl → KCl + MnCl₂ + H₂O + Cl₂. Mwenzangu wa dawati akaniambia niache kubahatisha, KMnO₄ niipe 1 kisha nifuate atomi. Potasiamu moja, KCl 1. Manganizi moja, MnCl₂ 1. Oksijeni nne, maji 4. Maji hayo yana haidrojeni nane, kwa hiyo HCl 8. Ikabaki gesi ya klorini, idadi yake nikaiita f, nikahesabu atomi za klorini: 8 = 1 + 2 + 2f, f ni 2.5. Zidisha zote kwa mbili: 2, 16, 2, 2, 8, 5. Usiku ule nilirudia mara tatu kwa raha tu.

Kijana wa Nakuru
Yangu ilikuwa chuoni. Haidrojeni mole 1 na iodini mole 1 zinaungana (H₂ + I₂ ⇌ 2HI) kwenye chombo cha lita 1, K, yaani namba ya msawazo [HI]²/([H₂][I₂]), ni 49; tafuta x, mole za haidrojeni zinazotumika. Nilifungua mabano ukurasa mzima, nikapata x mbili, 0.78 na 1.4, nikaandika 1.4. Mwalimu akaizungushia wino mwekundu: "Kwenye mole moja umetumiaje 1.4?" Halafu akanionyesha kwamba (2x)²/(1 − x)² ni kipeo cha pili pande zote; chukua kipeuo, 2x/(1 − x) = 7, umemaliza kwa mistari miwili.

Mama wa Nyalenda, Kisumu
Asanteni sana. Leo nimempa boroni, 10 na 11, wastani 10.8. Kabla ya hesabu yoyote ameandika juu: "x ni asilimia ya boroni-10." Amepata 20. Sasa anaidai hiyo ya pamanganeti (KMnO₄).