Madiwani, acheni kushukuru mkijibiwa "fedha zimetengwa". Boma letu la zahanati linaozea mvuani

Wakuu, salaam.

Nimetoka kwenye kikao cha baraza la madiwani na nimeshindwa kulala. Niko mkoa wa Arusha. Halmashauri mkoani ziko saba na yangu siitaji, waliokuwa ukumbini wakisoma hapa watajijua.

Nilikwenda kwa ajili ya swali moja tu. Kijijini kwetu kuna boma la zahanati, yaani jengo ambalo halijamaliziwa. Kila kaya ilichanga elfu ishirini, na asiyekuwa nazo alitoa nguvu zake. Mama yangu mzazi, aliyeshavuka miaka sitini, alisomba mchanga kwa ndoo kutoka korongoni wiki nzima, asubuhi kabla ya kwenda shambani. Tulichimba msingi, tukapandisha kuta, tukafunga lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), tukasimama. Tulisimama kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa kwenye mkutano wa hadhara: nyie fikisheni lenta, halmashauri itapaua na kumalizia. Mtendaji aliandika, mwenyekiti wa kijiji akasaini, tukapiga makofi.

Hii ni masika ya tatu kuta zile zinanyeshewa. Bloku za juu zimeanza kumeguka. Ndani kumeota mbarika mpaka umechungulia dirishani. Nondo zilizobaki wazi zimeshika kutu. Na mwanamke akishikwa uchungu usiku bado tunampandisha bodaboda, mmoja amemshikilia kwa nyuma asianguke, mpaka kwenye lami, ndipo tuanze kutafuta gari la kumpeleka hospitali ya Mount Meru. Njia yenyewe masika inateleza kama sabuni. Anayesema haya ni mambo ya siasa aje alale kwetu usiku mmoja.

Sasa kikao. Diwani wetu, nimpe haki yake, aliuliza. Akasimama, akataja kijiji, akataja boma, akauliza ni lini litamaliziwa. Mkurugenzi hakuwepo, alikuwepo kaimu. Kaimu akajibu kwamba halmashauri inaitambua changamoto hiyo, na fedha zimetengwa kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha. Diwani akasema anashukuru kwa majibu mazuri, akakaa chini.

Yakaishia hapo. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, nikataka kupiga kelele, lakini mwananchi kwenye kikao kile ni msikilizaji.

Majibu mazuri yapi? Mwaka jana jibu lilikuwa hilohilo. Ninayo picha ya ukurasa wa bajeti ya mwaka jana, boma letu limo na kiasi kimeandikwa. Juni ikaisha, Julai mosi mwaka mpya wa fedha ukaanza, boma likaandikwa tena. Fedha zilezile zimetengwa mara mbili na hazijanunua hata bati moja.

Waheshimiwa, kutengwa ni kuandikwa kwenye kitabu. Hakuna fundi anayelipwa kwa kitabu. Mnatakiwa kuuliza: hizo fedha ni za mapato ya ndani au zinasubiriwa kutoka Hazina? Kama ni za mapato ya ndani, hadi robo hii mmekusanya kiasi gani, na katika hicho ni kiasi gani kimekwenda kwenye miradi na kiasi gani kimekwenda kwenye posho, mafuta ya magari na safari? Za boma hili zimeingia akaunti ya kijiji tarehe ngapi? Kama hazijaingia, ni nani hajasaini? Maswali hayo hayahitaji shahada. Mweka hazina alikuwa amekaa pale pale na kabrasha mbele yake. Angeulizwa, angefungua ukurasa.

Kuna mambo mengine yalipita siku hiyo, nayataja kwa haraka. Barabara za ndani: jibu, hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara. Kweli, tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko TARURA, lakini meneja wao wa wilaya alikuwa ukumbini na hakuna aliyemgeuzia swali. Diwani mmoja wa viti maalumu aliuliza kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Yule mama aliuliza vizuri kuliko wote. Alitaka orodha ya vikundi vilivyokopa kabla mikopo haijasimamishwa Aprili 2023, nani amerejesha na nani hajarejesha, kabla hawajapewa wengine. Akaambiwa taarifa itaandaliwa. Mikopo imesharejea tangu 2024, na taarifa ya waliokopa kabla haijasimamishwa bado inaandaliwa! Na hakuna diwani mwingine aliyesimama kumuunga mkono. Walimwacha peke yake, na hilo lilinikera kuliko jibu lenyewe.

Halafu likaja lile la hati. Kaimu akakumbusha baraza kwamba halmashauri imepata hati inayoridhisha kutoka kwa CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Meza zikagongwa. Naomba nilieleze hili vizuri maana wengi tunadanganyika. Hati hiyo inasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa, basi. Haisemi zahanati ina paa, wala haisemi kila shilingi ilitumika kwa busara. Ndiyo maana ripoti zilezile za CAG, mwaka baada ya mwaka, zinataja halmashauri zenye hati nzuri ambazo makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, hayakufika benki, fedha mbichi (zilizokusanywa lakini hazijapelekwa benki) zikatumika, mikopo ya vikundi haikurejeshwa. Diwani anayegonga meza kwa sababu ya hati hajafungua kurasa za nyuma.

Najua mtakuja kuniambia diwani hana meno kwa sababu mkurugenzi anateuliwa na Rais. Ni kweli baraza haliwezi kumfukuza. Lakini bajeti haipiti bila baraza. Taarifa ya mapato na matumizi ya robo inapelekwa kwao na wanaweza kuikataa, irudi ikaandikwe upya. Kamati ya fedha inakaa kila mwezi, kwa hiyo kabla ya kikao hiki cha robo ilishakaa mara tatu na boma letu lilipita mbele yao mara tatu. Wanaweza kuunda kamati ya uchunguzi ikaja kijijini ikaona mbarika kwa macho. Katiba ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwepo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka hayo tumewakabidhi wao. Wanayaacha mezani pamoja na chupa za maji.

Na kabrasha lenyewe! Diwani wetu ameniambia nje ya ukumbi kwamba wamelipata jioni ya kuamkia kikao, kurasa zaidi ya mia mbili. Nilimhurumia, halafu nikamuuliza: sasa kaka, kwa nini hamkugoma mpaka mpewe siku za kulisoma? Akaangalia chini, akasema "utaonekana mkorofi." Mtu mzima anaogopa kuonekana mkorofi mbele ya kaimu, haogopi mama zetu waliobeba mchanga.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameniuliza kwa ujumbe wa faragha (PM) kama mwananchi anaruhusiwa kuingia. Ndiyo. Mkutano wa baraza ni wa wazi, unakaa kimya kwenye viti vya wasikilizaji. Vikao vya kamati ndivyo huingii. Uliza tarehe kwa mtendaji wa kata, na akikuzungusha nenda kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri. Nenda na kalamu uandike swali, jibu na jina la cheo cha aliyejibu, maana muhtasari wao ukija kusomwa kikao kijacho maneno yanakuwa yamelainishwa.

Mimi nimeshachapa picha za boma na ule ukurasa wa bajeti ya mwaka jana, nakala tatu. Moja nimempa diwani mkononi mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na ameniahidi kuliuliza kama swali la papo kwa papo robo ijayo, na safari hii atataka tarehe na akaunti. Ya pili tutaisoma kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ya tatu ninayo. Siku ya kikao nitakuwa benchi lile lile la nyuma na mama yangu amesema anakuja.

Mlio Karatu, Monduli, Longido, Meru, mjini, popote: kwenu maboma yamesimama kwenye lenta tangu lini, na mmejibiwa nini? Wekeni hapa, na tarehe.