Nataka kugombea uongozi wa chama cha maaktuari: nianzie wapi?

Mleta mada

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni aktuari, mtu wa hesabu za hatari za bima na pensheni, na ni felo, yaani nimemaliza mitihani yote ya taaluma; nafanya kazi kampuni ya bima ya maisha hapa Nairobi. Mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu uko miezi minne mbele na wenzangu wananisukuma nichukue fomu ya uenyekiti. Nafasi tatu za wajumbe wa baraza pia zitakuwa wazi. Nigombee ipi? Kampeni ya wapiga kura wachache hivi inafanywaje? Mwajiri nimwambie lini? Kwa sasa manifesto yangu ina mambo mawili: kushusha ada za mitihani ya Uingereza kwa wanafunzi wetu, na kuipa taaluma sauti mbele ya IRA (mdhibiti wa bima) na RBA (mdhibiti wa pensheni).

JedwaliLaVifo

Manifesto baadaye. Fungua katiba, soma vifungu vya uchaguzi, kalamu mkononi. Nani anaruhusiwa kugombea, nani ana kura, fomu zinafungwa siku ngapi kabla ya mkutano, wapendekezaji wangapi, akidi ni ngapi, barua ya uwakilishi, ya kumpigia kura asiyekuwepo, inakubaliwa au la. Vyama vingi vya maaktuari vinawapa kura mafelo peke yao, vingine vinaongeza maasosieti, walio ngazi moja chini ya felo. Wanafunzi, ambao kwa kawaida ndio wengi kwenye orodha, mara nyingi hawana. Ndiyo maana ahadi kwa wanafunzi huleta makofi ukumbini na sanduku likabaki vilevile.

Fomu ikikataliwa, mara nyingi kosa si la mgombea bali la mpendekezaji wake. Anadaiwa ada ya mwaka, au hajawasilisha saa za mafunzo endelevu, basi siku ya ukaguzi anahesabika si mwanachama hai, na sahihi yake inakwenda naye. Zikitakiwa sahihi mbili, tafuta nne kama fomu ina nafasi. Omba kuona stakabadhi ya mwaka huu kabla mtu hajasaini, bila kuona haya. Na wasiwe wote wa ofisi yako; orodha ya watu wa kampuni moja inasomeka kama mpango wa kampuni. Peleka fomu siku kadhaa kabla ya mwisho, udai jibu la maandishi kwamba imepokelewa.

MamaPensheni

Ndugu yangu, uenyekiti uache kwanza. Tazama vyama vya maaktuari vya wenzetu: SOA ya Marekani na IFoA ya Uingereza, mtu huanza kuwa rais mteule, kisha rais, kisha rais aliyemaliza muda wake, mwaka mmoja mmoja. Wameona mbali. Bila ngazi kama hiyo, mwaka wa kwanza wa mwenyekiti unaishia kutafuta faili ziko kwa nani.

Halafu kazi yenyewe. Rasimu ya kanuni inatoka kwa mdhibiti, muda wa kutoa maoni ni mfupi. Unakusanya watu wa bima ya maisha, wa bima ya kawaida na wa pensheni, ambao hawakubaliani hata juu ya kiwango cha punguzo (cha kugeuza malipo ya baadaye kuwa thamani ya leo), unawatoa na kurasa tatu zenye msimamo mmoja. Ukiwa wewe ndiye aktuari mteule wa kampuni yako, yaani aliyeteuliwa rasmi kusaini hesabu zake za kiaktuari, na rasimu inahusu mtaji au akiba, kila sentensi utakayosaini itaulizwa imesemwa kwa niaba ya nani. Dawa yake inajulikana: tamko la maslahi kwa maandishi mwanzoni mwa mwaka, kutoka chumbani ajenda hiyo ikifika, na makamu asaini barua. Lakini ukilazimika kutoka kila mwezi, chama kimechagua mwenyekiti wa nini?

Ada za mitihani zifute kwenye manifesto. Zinapangwa na IFoA, na baraza la Nairobi halina kura huko. IFoA wana punguzo kwa wenye kipato kidogo, na hilo chama kinaweza kulishughulikia: kuwaelekeza wanafunzi namna ya kuomba, tena kabla ya kujisajili kwa mtihani. Ahadi ya namna hiyo unaweza kuitekeleza.

Na "sauti" ndiyo nini? Mfuko wa mafao yaliyobainishwa, yaani pensheni ambayo kiasi chake kimeahidiwa kwa kanuni, hufanyiwa tathmini angalau kila miaka 3. Andika kwamba ndani ya miezi 12 kamati ya pensheni itatoa mwongozo wa dhana za tathmini hizo, nani atauandika na rasimu itasambazwa mwezi gani. Hapo felo mwenye shughuli zake atasimama asome.

Akiba_ya_Madai

Hakuna aliyegusa hesabu, na sisi ni maaktuari! Nafasi ni tatu na kila mpiga kura ana kura hadi tatu. Tuseme wagombea ni watano, wapiga kura 36, na wanaokuunga mkono kwa dhati ni 16. Hao 16 wakikupigia kisha wakajaza kura mbili zilizobaki, wanagawa kura 32 kwa wapinzani wako wanne, 8 kila mmoja. Wale 20 wengine wana kura 60, wakizigawa sawa ni 15 kila mmoja. Jumla: kila mpinzani ana 23, wewe 16, wa mwisho. Wakikupigia wewe peke yako, unasimama na 16 dhidi ya 15 zao, unaongoza.

Ni mfano wa kupindukia, kura hazigawanyiki sawa hivyo, na wale 20 wakikubaliana majina matatu hesabu inavunjika. Lakini unaona kwa nini kifungu cha kura kinasomwa neno kwa neno: baadhi ya kanuni huhesabu karatasi yenye jina moja kuwa imeharibika.

KatibuMstaafu

Hesabu ni sahihi, ila usiitangaze kwenye kundi la WhatsApp. Taaluma hii ni ndogo. Uliyemnyima kura leo mtakaa naye kamati moja kwa miaka.

Kampeni kwa idadi hii ni simu. Pata orodha ya wenye haki ya kupiga kura, gawa kwa waajiri: kampuni za bima, washauri, wakaguzi wa hesabu, wadhibiti, vyuo. Mpigie kila felo dakika kumi, uulize analotaka chama kifanye, uandike. Wadhibiti na walimu wa vyuo husahaulika, na kura zao zina uzito uleule. Mwisho wa simu uliza jambo moja: utakuwepo siku hiyo? Akidi isipotimia, mkutano unaahirishwa na kazi yako yote inaanza upya.

Usichukue barua pepe za wanachama kutoka kwenye faili za sekretarieti au za kamati uliyomo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, na malalamiko ya namna hiyo yanaweza kukutoa kwenye karatasi ya kura. Waombe sekretarieti itume maelezo ya wagombea wote kwa pamoja.

Mwajiri mwambie kabla ya fomu. Omba barua inayotaja mambo matatu: saa utakazotumia wakati wa kazi, nani analipa safari, na kwamba maoni ya chama si maoni ya kampuni. Ruhusa ya mdomo huisha siku bosi anapobadilika.

Mleta mada

Nimeelewa. Uenyekiti naweka kando, nachukua ujumbe wa baraza. Kuna kazi ambayo huwa haitajwi kwenye kampeni?

MamaPensheni

Nidhamu. Uanachama kamili wa IAA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maaktuari, unadai kanuni za maadili na utaratibu rasmi wa kushughulikia malalamiko, na malalamiko hayo lazima yasikilizwe na mtu. Siku moja jina kwenye faili litakuwa la mtu mliyesoma naye. Uliza mapema kama wajumbe wa baraza wanaingia kamati hiyo na kama chama kina bajeti ya wakili.

JedwaliLaVifo

Na makabidhiano. Kama chama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, mabadiliko ya viongozi huarifiwa kwa Msajili ndani ya siku 14. Kumbukumbu za mkutano zisainiwe siku ileile, maana benki nayo itazidai kabla ya kubadilisha watia sahihi wa akaunti. Zikichelewa, waliotoka ndio bado wanaoweza kusaini hundi, na ankara ya IAA inasubiri. Kabla watu hawajatawanyika ukumbini, hakikisha mwenyekiti aliyeongoza uchaguzi na katibu wametia sahihi, na nywila za tovuti, barua pepe ya chama na akaunti ya mikutano ya mtandaoni zimekabidhiwa kwa maandishi.