Huyu mchambuzi aliyemvimbisha mpiga zumari mashavu, nani kamtuma?

Wakuu heshima kwenu. Usingizi umekata, acha niyamwage hapa hapa.

Jamaa mnamjua. Simtaji nisije nikala ban bure. Yule bingwa wa kuchambua muziki wa Ireland, aliyesema Kneecap "wanarap Kiingereza cha kijijini" wakati watoto wa Belfast wale wanachana kwa Kigaeli. Yule aliyesikiliza False Lankum, albamu ya 2023 ya bendi ya Lankum, wimbo wa kwanza unapita dakika 8, akaandika "fupi na tamu". Nikanyamaza. Nikasema Mungu anamuona.

Leo kaandika kuhusu onyesho la juzi hapa Dublin. Mimi nilikuwepo, mbele kabisa, nahesabu kucha za mpiga zumari. Yeye anatuambia: "Alipuliza mpaka mashavu yakamvimba."

MASHAVU. YAKAMVIMBA.

Uilleann pipes, hiyo zumari ya Ireland, haipulizwi kwa mdomo, ewe kiumbe! Kuna mvukuto umefungwa mkono wa kulia, kiwiko kinasukuma upepo kwenye mfuko uliobanwa kwapa la kushoto. Ya kupuliza ni ile ya Waskoti. Huyu mdomo wake ulikuwa likizo, kakaa kwenye kiti anapiga stori na wa fidla, katikati ya wimbo! Hata UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi 2017, dunia nzima inajua, kasoro yeye. Sasa mashavu kayaona wapi? Alikuwa anajitazama kwenye kioo?

Nimemuuliza kwa adabu zote. Kanijibu: "Rudi kwenye taarabu yako." Halafu kanizuia.

Mashavu jamani.

Msela_Mtoni: Mkuu, umelipa kiingilio cha Ulaya ukaangalie mashavu ya mwanaume mwenzio?

Mleta uzi: Sikuangalia! Na hayakuvimba!

Msela_Mtoni: Sasa kama hukuangalia umejuaje hayakuvimba?

BintiPangani: 😂😂 Pole kaka. Ila huyo ana nafuu, angalau kataja ala. Wa kwetu huku albamu inatoka saa sita usiku, saa sita na dakika tano mtu kashatangaza albamu bora ya mwaka. Ina nyimbo kumi na saba!

Kichwa_Ngumu: Bahasha hiyo dada. Bahasha haina masikio.

Mlowezi_wa_Cork: Wachambuzi si tatizo. Tatizo ni watazamaji. Mama anaimba sean-nós, uimbaji wa jadi wa Ireland, hakuna gitaa, hakuna ngoma, sauti tupu, ukumbi umetulia hata mate unaogopa kumeza. Nyuma yangu mtu anafungua pakiti ya krispi. Taratibu. Anadhani akifungua taratibu hatutasikia. Beti tatu nzima!

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mashavu.

BibiHaruni: Na nyie wa mbele mnaonyanyua simu mwanzo mwisho? Mimi mfupi, onyesho lote nimeliangalia kwenye kioo cha simu ya mtu, tena ana chaji asilimia nne. Mleta uzi nahisi ni wewe.

Mleta uzi: Mimi nilirekodi vidole tu, kama ushahidi.

Kichwa_Ngumu: Kakubali 😂 Mods, pigeni ban.

Msela_Mtoni: Mlowezi, krispi zenyewe zilikuwa za nini?

Mlowezi_wa_Cork: Jibini na vitunguu. Harufu mpaka jukwaani.

BintiPangani: Aah, hizo hata mimi ningefungua.