Cortina ya 1965: nitoe stelingi boksi nitie reki?

Kijana wa Chake

Assalaam alaykum ndugu zangu. N'na Ford Cortina ya 1965, ile ya taa za nyuma za duara zilizogawika vipande vitatu. Babu aliinunua mkononi Dar es Salaam, ikaja Pemba kwa meli, na baada yake ikakaa chini ya mwembe miaka kumi na mbili. Injini nimeshaifufua, breki mpya, bodi imepigwa rangi.

Kilichobaki ni usukani. Naupeleka kulia na kushoto upana wa kiganja kizima ndipo tairi zinaitika. Wiki iliyopita natoka Chake kwenda Mkoani, nikakutana na gari ya abiria katikati ya kona. Nikakata, gari ikachelewa, gurudumu la kushoto likatoka nje ya lami likaingia mchangani. Mwanangu wa miaka saba alikuwa amekaa mbele. Tangu siku ile sijampakia tena.

Fundi mmoja hapa anasema dawa ni kutupa boksi, yaani kasha la gia lililo mwisho wa fimbo ya usukani, na kutia stelingi ya reki, ile fimbo ya meno inayosogea kulia na kushoto, itolewe kwenye gari ndogo ya Kijapani iliyokatwa spea. Kazi ya siku mbili, anasema. Aliyewahi kuifanya naomba anishauri. Gari ya babu sitaki kuiharibu, na barabarani sitaki kuua mtu.

Fundi Saateni

Waalaykumu salaam mdogo wangu. Siku mbili hazitoshi hata kupima. Kazi hiyo nimeifanya mara mbili, na ya kwanza niliiharibu, kwa hivyo nisikilize.

Gari ile ya kwanza niliitia reki ya gari ndogo inayovuta kwa magurudumu ya mbele. Kwao reki ile hukaa juu, karibu na ukuta wa injini. Nikatengeneza mashikio ya bati nene, nikachomelea, tairodi (fimbo zinazotoka kwenye reki kwenda magurudumuni) zikafika, usukani ukawa mwepesi na hauna mchezo hata kidogo. Mwenye gari alifurahi mno. Alipoichukua barabara ya Bububu, kila gurudumu la upande mmoja likiingia shimoni gari inaruka upande, naye mikono hajaisogeza. Baada ya muda si mrefu tairi mbili mpya za mbele zikawa zimelika kwa ndani. Nilizilipa mimi, na kazi yote nikaifungua upya.

Sababu yake ni hii. Gurudumu likipanda na kushuka, amu ya chini, yaani mkono unaolishika gurudumu kwa chini, huchora tao lake, na tairodi nayo huchora lake. Matao hayo yasipokwenda pamoja, tairodi huvuta au husukuma gurudumu lenyewe kwa lenyewe. Kwa gari yenye shokapu za kusimama kama Cortina yako, tairodi ikiwa usawa mmoja na amu ya chini basi zilingane urefu, na maungio yao ya ndani yakae mstari mmoja. Reki uliyoiokota tu haiji na vipimo vya gari yako. Pana sana, au fupi sana, au inataka kukaa pale ilipo sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Mara ya pili nilipima kwanza. Nilitoa springi kwenye shokapu, nikairudisha shokapu tupu, nikafunga ubao ulionyooka kwenye habu mahali pa tairi. Mbele ya ubao nikasimamisha fremu yenye misumari miwili, mmoja unagusa ubao upande wa mbele, mwengine nyuma. Kisha jeki, sentimita moja moja, toka chini kabisa mpaka juu kabisa. Msumari mmoja ukiachana na ubao ilhali mwengine unagusa, hilo pengo ndilo kosa lako, umeliona kwa macho. Nikawa natia na kutoa washa, vile vipete bapa vya chuma, chini ya reki, mara sita, mpaka pengo likawa chini ya milimita moja. Hapo ndipo nikachomelea.

Tena tazama mikono inayosukuma magurudumu imeelekea wapi. Reki iliyotengenezwa kukaa nyuma ya ekseli ukiihamishia mbele vivi hivi, ukikata kulia gari inakwenda kushoto. Na fimbo ya usukani wako ni ndefu, imenyooka toka kwenye boksi mpaka kifuani. Kwa reki itabidi ikatwe itiwe krosi mbili (viungo vinavyopinda), na pembe ya kila krosi isizidi nyuzi 30, la sivyo usukani utakuwa mzito mahali na mwepesi mahali.

Lakini kabla ya yote hayo, una hakika ni boksi? Boksi lililokwisha hulika katikati, maana ndipo usukani unapokaa siku zote. Ukilikaza mpaka mchezo wa katikati uondoke, ukikata kona linakwama. Hilo ndilo la kutupa. Kama si hivyo, mtu akae ndani atikise usukani taratibu, magurudumu yako chini, injini imezimwa, nawe ulale utazame kiungo kimoja kimoja mpaka ukione kinachochelewa.

Mzee wa Morisi

Mjukuu wangu, reki si kitu cha juzi. Citroën waliitia kwenye Traction Avant mwaka 1936, na Morris Minor ilizaliwa nayo 1948. Nimeendesha Morisi miaka mingi hapa Unguja na usukani wake ulikuwa mzuri khasa. Ford wenyewe waliitia kwenye Escort ya 1968, na Cortina ikaipata 1970 ilipobadilishwa umbo. Ila hapo walibadilisha na miguu yote ya mbele, hawakuchomeka reki peke yake. Msikilize fundi.

Kijana wa Chake

Shukran sana wakubwa zangu. Jana baada ya alasiri nililala chini, mke wangu akashika usukani. Boksi lote linacheza! Bolti zimelegea, na tundu moja kwenye chesisi limeliwa na kutu limekuwa refu mfano wa yai. Upande wa pili, mkono wa aidla, ule unaobeba fimbo za stelingi mkabala na boksi, unapanda na kushuka, bushi yake (kibomba cha ndani ya kiungo) imebaki unga. Boksi nimelikata kulia na kushoto mpaka mwisho, halikwami popote.

Fundi Saateni

Alhamdulillahi umeliona. Usiitoe gari uani. Tundu lile usilitie washa kubwa ukasema basi. Kata kutu yote mpaka ufike chuma kinachong'aa, tia bati jipya la unene ule ule, na ndani ya chesisi chomelea bomba dogo bolti ipite humo, ili ukikaza chesisi isibonyee. Hewa yetu ya chumvi hula kwa ndani, gonga na upande wa pili kwa nyundo usikie. Reki ungeichomelea kwenye chuma hicho hicho kilichooza, na ingeng'oka nayo.

Bushi ya aidla mpe fundi wa kukereza akutolee ya shaba, umwambie aweke na tundu la grisi.

Kijana wa Chake

Nimegonga. Upande wa pili mzima, unalia. Bushi nimeipeleka leo asubuhi, In sha Allah Alkhamis naipata. Fundi wa reki nimemwambia asubiri.